Kifua kinapofuata hedhi: Mtihani kwa zahanati na hospitali za Isiolo

KIFO cha Njambi Koikai, mtangazaji na mfawidhi wa muziki wa rege, kilichotokea Juni 3, 2024 jijini Nairobi, kiliwafanya Wakenya wengi walitamke neno endometriosisi kwa mara ya kwanza. Walioshangaa zaidi ni wale waliosikia kwamba maradhi yenye asili katika mji wa mimba yaliweza kuyaporomosha mapafu ya mwanamke tena na tena. Miaka sita kabla ya hapo, mnamo 2018, wananchi walikuwa wamemchangia fedha akasafiri hadi Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Alirejea nyumbani, akaendelea kuuzungumzia ugonjwa huo hadharani bila kuona haya, hadi mauti yalipomfika.

Koikai aliishi katika jiji lenye madaktari bingwa wengi kuliko kwingineko nchini. Alijulikana, na alipoomba msaada alisikilizwa. Ikiwa mtu wa aina hiyo alihangaika kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa wake kupewa jina, hali ikoje kwa mwanamke wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, anayeuza maziwa ya ngamia na ambaye kifua humbana kila baada ya wiki nne?

Swali hilo si la kubahatisha. Endometriosisi ni hali ambapo chembechembe zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pengine mwilini. Kila mwezi homoni zinapouamuru utando huo unenepe kisha ubomoke, chembechembe hizo zilizopotea njia nazo hutii amri iyo hiyo. Tofauti ni kwamba damu ya hedhi ina mlango wa kutokea, ilhali hii haina. Huvuja ndani kwa ndani, ikaleta uvimbe, makovu na viungo kugandamana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 kote duniani, wanaishi na hali hiyo.

Wengi wao huugua ndani ya nyonga, na kwao dalili ni maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na mara nyingi ugumba. Wachache hupatwa nje ya nyonga: kwenye kitovu, kwenye kinena, kwenye kovu la upasuaji, kifuani, na kwa nadra sana hata kwenye ubongo. Hawa wachache ndio wanaopotea njiani, maadamu hakuna anayetarajia kwamba kifua na hedhi vina uhusiano wowote.

Jinsi ugonjwa unavyofika kifuani ni kisa kinachostahili kuelezwa kwa utulivu. Katika miaka ya 1920 daktari Mmarekani, John Sampson, alitoa nadharia kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni. Majimaji ya tumboni nayo hayatulii mahali pamoja. Hupanda kwa kufuata upande wa kulia hadi chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga tumbo na kifua. Upande wa kushoto kuna vizuizi vya kimaumbile vinavyoyapunguza kasi. Ndiyo sababu wagonjwa tisa hivi kati ya kumi huathirika kifua cha kulia. Chembechembe hujipandikiza kwenye kiwambo, hukila kidogo kidogo kila mwezi, na hatimaye hukitoboa. Hewa au damu hupenya na kuingia katika nafasi inayolizunguka pafu, na pafu husinyaa mithili ya puto lililotolewa pumzi. Nadharia hiyo haimalizi kila kitu. Ugonjwa unapokutwa katikati ya nyama ya pafu lenyewe, wataalamu hudhani kwamba chembechembe zilisafiri kwa mishipa ya damu.

Mgonjwa husikia maumivu ya kifua na ya bega la kulia, hupungukiwa na pumzi, na wengine hukohoa damu. Muda ndio unaoufichua ugonjwa: dalili huanza siku moja kabla ya hedhi au ndani ya saa 72 baada ya damu kutoka, kisha hupoa. Kisa cha kwanza cha pafu linaloporomoka kwa mtindo huo kiliandikwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani mwaka 1958. Kwa hiyo jambo hili si geni katika utabibu. Aidha, tafiti zilizofanywa Ulaya miongoni mwa wanawake waliopasuliwa kwa sababu ya pafu kuporomoka bila kisa zimeonyesha kwamba kwa robo hivi yao chanzo kilifungamana na hedhi. Huenda basi uadimu wa ugonjwa huu ni uadimu wa watu wanaoutafuta.

Sasa mwanamke huyo wa Bulla Pesa na afike hospitali ya rufaa ya kaunti. Anaeleza kwamba anakohoa damu, amekonda, na kifua kinauma. Tabibu aliye mbele yake atafikiria kifua kikuu, na ana haki ya kufanya hivyo. Kenya ilikuwa katika orodha ya WHO ya mataifa 30 yaliyolemewa zaidi na kifua kikuu kati ya 2021 na 2025, na Isiolo imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu vya wagonjwa. Tabibu asiyeanza na kifua kikuu mahali kama hapo atakuwa anahatarisha maisha ya mgonjwa na ya watu anaoishi nao.

Tatizo huja katika hatua ya pili. Makohozi yanapimwa na hayaonyeshi bakteria. Picha ya eksrei inaonyesha maji upande wa kulia. Maji ya kifuani yanayotokana na kifua kikuu ni vigumu kuthibitishwa maabarani, hivyo kanuni za tiba humruhusu tabibu kuanza dawa kwa kutegemea picha na dalili peke yake. Mgonjwa anaanza dozi ya miezi sita. Baada ya wiki moja anapata nafuu. Wote wawili wanafurahi, kumbe hedhi imekwisha tu. Mwezi unaofuata kifua kinabana tena, na jibu la kwanza litakalomjia mtu ni kwamba mgonjwa hamezi dawa inavyotakiwa.

Linalotia uchungu zaidi ni hili. Rifampisini, iliyo uti wa mgongo wa dozi ya kifua kikuu, hulifanya ini liunguze homoni haraka kuliko kawaida. Iwapo mwanamke huyo alikuwa akitumia vidonge vya kupanga uzazi au vijiti vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, homoni iliyokuwa ikiutuliza ugonjwa wake bila yeye kujua hupungua nguvu. Dawa aliyopewa kuponya kifua inakuwa imekifungulia mlango kile kinachokiumiza.

Kuna sura nyingine ya ugonjwa huu ambayo maandishi ya kitabibu huihusisha hasa na wanawake wenye asili ya Kiafrika ambao hawajazaa. Tumbo hujaa maji yenye damu, wakati mwingine pamoja na kifua. Mwanamke hudhaniwa ana kifua kikuu cha tumbo au saratani ya ovari, na kipimo cha damu kinachotumiwa kuashiria saratani hiyo hakisaidii sana, kwa kuwa hupanda katika hali zote tatu. Wapo ambao ukweli hujulikana wakiwa tayari juu ya meza ya upasuaji.

WHO inaeleza kwamba kutoka dalili za kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa hupita wastani wa miaka kati ya minne na 12. Makadirio hayo yanahusu endometriosisi kwa jumla, ikiwamo ile ya nyonga iliyo rahisi kushukiwa. Ya kifuani haiwezi kutarajiwa kuwa na heri zaidi.

Isiolo, hata hivyo, ina hazina ambayo watunga sera wa Nairobi hawajaifikiria. Wakazi wengi wa mji huo ni Waislamu. Mwanamke wa Kiislamu hasali wala hafungi akiwa katika hedhi, na siku za Ramadhani zilizompita lazima azilipe. Kwa sababu hiyo hujifunza tangu usichanani kuhesabu siku zake kwa uangalifu, na kutofautisha damu ya hedhi na ile isiyokuwa ya kawaida. Ukimuuliza hedhi yake ya mwisho ilianza lini, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakutajia siku bila kusita. Ugonjwa ambao siri yake yote imo katika tarehe hauwezi kumpata shahidi bora kuliko huyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Kuuliza kwenyewe kuna staha yake. Msichana wa Kiborana au wa Kisomali aliyefika na mamake, au na kaka aliyemleta kwa bodaboda, hatalijibu swali la hedhi mbele ya tabibu mwanamume na msaidizi anayetafsiri. Si kwamba anaficha. Ni kwamba ameulizwa pasipofaa. Mhudumu wa kike anayeizungumza lugha yake, faraghani, atalipata jibu kwa dakika mbili. Serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, wengi wao wakiwa wanawake wanaoingia majumbani kama majirani, ilijenga njia ambayo swali hilo lingeweza kupitia bila gharama ya ziada.

Kisha kuna suala ambalo halipaswi kurukwa eti kwa sababu ni zito. Miongoni mwa Wasomali na Waborana ukeketaji umekuwepo kwa vizazi vingi, na kwa baadhi ni ule wa kushonwa. Sheria ya 2011 iliuharamisha, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ikilinganishwa na 21 mwaka 2014. Katika kaskazini mwa nchi kiwango ni cha juu zaidi ya hicho. Aliyeshonwa anaweza kweli kupata hedhi yenye maumivu makali kwa sababu damu haina nafasi ya kutoka. Matokeo yake ni kwamba kila maumivu ya hedhi huwekwa kwenye kapu moja. Mama humwambia bintiye kwamba naye aliyapitia, nyanya humwambia vivyo hivyo, na msichana hunyamaza. Hata mhudumu wa afya akigundua kovu, huenda akaridhika kwamba amekwisha kupata chanzo.

Je, ugonjwa ukishukiwa, Isiolo inaweza kufanya nini? Hapa ndipo mjadala wa kitaifa unapopotoka, kwa kuwa kisa cha Koikai kiliwaachia wengi picha ya ndege ya Atlanta. Picha hiyo ni ya kweli kwa wachache. Pafu lililoporomoka linahitaji kwanza mrija wa kutoa hewa kifuani, jambo ambalo hospitali yenye daktari wa upasuaji hulimudu. Linaporudia, mgonjwa huhitaji upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo ili kiwambo kizibwe, vipande vya ugonjwa viondolewe, na pafu ligandishwe kwenye ukuta wa kifua lisiporomoke tena. Mara nyingi nyonga nayo huchunguzwa wakati huo huo. Kazi hiyo hutaka daktari wa kifua na wa magonjwa ya wanawake wasimame pamoja katika chumba kimoja. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kifua nchini ni wachache, wengi wako Nairobi, na wengine katika vituo kama Eldoret na Tenwek katika Kaunti ya Bomet.

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 280. Maziwa ya ngamia ya akina mama wa Isiolo hupakiwa basini na kufika Eastleigh siku iyo hiyo, yangali mabichi. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa hana bahati ya maziwa.

Lakini kabla ya kisu kuna dawa, na dawa nyingine zipo papo hapo. Shabaha ya tiba ni kuutuliza mzunguko wa homoni ili chembechembe zisipate amri ya kutoa damu. Dawa mpya za kazi hiyo ni ghali. Hata hivyo projestini iliyo kwenye sindano ya miezi mitatu, ile inayotolewa katika kliniki za kupanga uzazi, ni ya ukoo uo huo, na kwa kiasi kikubwa haiathiriwi na rifampisini. Hali kadhalika kuna vidonge vya noretisteroni, na koili yenye homoni. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 ulilegeza msimamo wa zamani kwamba lazima mgonjwa apasuliwe kwanza ili ugonjwa uthibitishwe. Dalili zikielekeza huko, tiba ya homoni inaweza kuanza. Kwa hospitali isiyo na kamera ya upasuaji, badiliko hilo lina uzito kuliko mashine yoyote. Si tiba ya kumaliza. Ikiachwa, ugonjwa hurudi, na anayetafuta mimba hawezi kuitumia. Kwa kifua, ambako kosa linaweza kuua, uchunguzi wa kifua kikuu na wa saratani lazima utangulie.

Dawa hiyo ina kikwazo ambacho duka la dawa haliwezi kukiondoa. Inaitwa dawa ya kupanga uzazi. Msichana wa miaka 17 ambaye hajaolewa, akionekana kwenye foleni ya kliniki hiyo katika mtaa ambao kila mtu anamjua kila mtu, atakuwa amejipatia sifa mbaya kabla hajapata nafuu. Aliyeolewa na hajazaa ataulizwa na wakwe kwa nini anazuia mtoto, ilhali ni ugonjwa huo huo unaomzuia. Tena sindano huvuruga hedhi katika miezi ya mwanzo, damu ikawa ya matone yasiyo na mpangilio, na kwa mwanamke anayehesabu siku zake kwa ajili ya sala hilo si jambo dogo. Asipoelezwa mapema, na ikiwezekana akapata pia maelezo ya kidini kutoka kwa anayemwamini, ataacha dawa mwezi wa pili. Tabibu ataandika kwamba amepotea.

Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alipojitokeza kueleza jinsi endometriosisi ilivyomtesa, aliligusa suala hili la ugumba na fedheha yake kwa uwazi ambao haukuwa wa kawaida Afrika Mashariki. Alitunukiwa tuzo ya BET mwaka 2015 kwa kampeni hiyo, na miaka miwili baadaye akajaliwa mtoto wa kiume. Kisa chake kilisaidia kuondoa dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ingalipo.

Fauka ya hayo, si kila endometriosisi ya nje ya nyonga inahitaji safari. Ile inayoota kwenye kovu la upasuaji wa uzazi hupata chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 waliojifungua kwa njia hiyo, lakini tangu serikali iondoe ada za kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, akina mama wengi zaidi wameweza kuifikia meza ya upasuaji. Mwanamke huona uvimbe mgumu kando ya kovu, huuma na kuvimba kila mwezi, na wengine hutoa damu nyeusi. Huambiwa ni jipu, ngiri au uzi uliosahauliwa. Uvimbe huo ukikatwa wote pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, wengi hupona kabisa, na ni upasuaji ambao hospitali ya kaunti inaweza kuufanya asubuhi moja. Kinachohitajika ni kipande hicho kipelekwe maabara badala ya kutupwa.

Kenya si nchi iliyoipuuza hedhi. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufuta kodi ya sodo, mwaka 2004. Mnamo 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wanafunzi wa kike wapewe sodo bila malipo, na sera ya kitaifa ya usafi wa hedhi ya 2019 hadi 2030 ikafuata. Yote hayo ni ya kupongezwa. Ila yote yanaiona hedhi kama suala la usafi na mahudhurio shuleni. Msichana aliyepewa sodo na bado akashindwa kwenda shule kwa sababu hawezi kuvuta pumzi hana mahali katika sera hiyo.

Kuhusu malipo, hazina ya zamani ya bima ya NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hulipa si chini ya Sh300 kwa mwezi, na alitakiwa atoe za mwaka mzima kwa mkupuo. Sh3,600 si fedha nyingi kwa afisa wa kaunti. Kwa muuza maziwa wakati wa kiangazi, ngamia wakiwa wamehamishwa mbali kufuata malisho, ni suala jingine. Nauli, malazi ya Nairobi na siku za biashara zilizopotea haviko katika bima yoyote.

Tukirudi katika chumba cha eksrei, kuna jambo dogo linaloweza kumtia mtu moyo au kumkasirisha, kutegemea anavyolitazama. Utaratibu wa kawaida hutaka mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe tarehe ya hedhi yake ya mwisho kabla ya kupigwa picha ya kifua, ili mionzi isimfikie mtoto aliye tumboni. Tarehe inaandikwa kwenye karatasi. Karatasi inarudi kwa tabibu pamoja na picha inayoonyesha maji upande wa kulia. Tarehe na picha huwa mezani pamoja, na tabibu, aliye na foleni ya wagonjwa 40 nje ya mlango, huitazama picha.